Umenunua VPS na sasa una paneli mbili: ipi ni ya nini, na uinstoli ipi

Swali lililonifikia nimelifupisha kidogo, linasema hivi: "Mkuu, nilikuwa kwenye hostingi ya kawaida yenye cPanel, nikaona websaiti zimekuwa nzito nikanunua VPS ya RAM 2GB, kori 2, diski 40GB. Nimetumiwa linki ya paneli na paswedi ya root. Naingia kwenye paneli nakuta vitufe vya kuzima, kuwasha, VNC, Reinstall na magrafu tu. Sioni sehemu ya mafaili, sioni databesi, sioni imeili. Nimeuziwa kitu nusu? Na kama natakiwa kuweka paneli nyingine, niweke ipi? Nina websaiti tatu, mbili za WordPress, moja ni ya mteja."

Hujauziwa nusu mkuu, umepata ulichonunua, ila hakuna aliyekwambia kwamba kwenye VPS kuna paneli za aina mbili zinazofanya kazi tofauti kabisa. Moja iko nje ya seva, nyingine unaiweka mwenyewe ndani ya seva. Kwenye hostingi ya zamani ulikuwa unaona ya ndani peke yake, ile ya nje alikuwa nayo mwenye kampuni. Sasa umepewa ya nje, na ya ndani ni juu yako.

Tuanze na hii ya nje kwa sababu watu wengi wanaidharau, wanaingia siku ya kwanza kuchukua IP na hawarudi tena mpaka seva iwe imekufa. VPS yako ni kipande cha mashine kubwa iliyogawanywa kwa KVM au kitu kinachofanana nayo, na paneli uliyotumiwa inaongea na hiyo mashine kubwa, haiongei na Linux iliyo ndani ya kipande chako. Ndo maana haijui kama una WordPress au una databesi ngapi, yenyewe inaona diski, RAM, prosesa na mtandao, basi. Makampuni mengi hutumia SolusVM, Virtualizor, VirtFusion au Proxmox, wakubwa wametengeneza za kwao, lakini ukizoea moja hupotei kwenye nyingine.

Vitufe vya kuzima na kuwasha vinafanana ila havilingani. Shutdown na Reboot vinatuma ujumbe kwa Linux, nayo inafunga databesi, inaandika kilichobaki kwenye diski, halafu inazima. Power Off, au Reset, au chochote chenye neno Force, kinakata umeme hapohapo. Meza za databesi za aina ya InnoDB kwa kawaida zinajirudisha zenyewe ukiwasha, ila meza za zamani za MyISAM zinaweza kuharibika, na faili lililokuwa linaandikwa muda ule halina wa kulitetea. Kwa hiyo bonyeza Reboot kwanza, subiri dakika mbili tatu, ikigoma kabisa ndo ukate kwa nguvu.

Sasa VNC, wengine wanaiita Console. Hiki ndo kitufe ambacho siku moja kitakuokoa, naomba ukielewe leo wakati hauna presha. SSH, yaani njia ya kuingia kwenye seva kutoka mbali na kuandika amri, inapita kwenye mtandao, kwa hiyo ukiharibu mtandao au fayawoli ya seva umejifungia nje mwenyewe. Kosa la kila siku ni mtu kuandika `ufw enable` (kuwasha fayawoli) kabla hajaandika `ufw allow 22/tcp` (kuruhusu SSH), akija kufungua SSH tena haingii, anadhani seva imekufa, anabonyeza Reinstall na data yote inaondoka. Wakati VNC haitegemei mtandao wa seva yako hata kidogo, inakuonyesha ile skrini ambayo ungeiona kama ungechomeka monita kwenye mashine yenyewe.

Ukiifungua utaona skrini nyeusi na neno `login:`. Andika root (jina la msimamizi mkuu wa seva), bonyeza Enter, halafu paswedi, na ukiandika paswedi hutaona kitu chochote kwenye skrini, hata nyota, usishtuke, inaandikika. Kupesti mara nyingi kunagoma. Na kuna kitu kinawatesa watu sana hapa, mpangilio wa kibodi ndani ya konsoli unaweza kuwa tofauti na wa kwako, unabonyeza @ inaingia alama nyingine, paswedi inakataliwa wakati ni sahihi. Dawa yake ni hii: kabla ya kuingia, andika alama zote za paswedi yako pale kwenye `login:` ambapo zinaonekana, angalia zinatoka zipi, zifute, halafu ndo uingie. Ukishaingia unaandika `ufw allow 22/tcp`, SSH inarudi, kazi imeisha, hakuna data iliyopotea.

Rescue ni hatua inayofuata kama Linux haiwaki kabisa, mfano umekosea mstari kwenye `/etc/fstab`, faili linaloiambia Linux diski zipi izifungue ikiwaka. Inawasha Linux ndogo ya muda kutoka nje ya diski yako, diski yako inabaki pembeni kama diski ya ziada, unaitafuta kwa `lsblk`, unaimaunti, unarekebisha faili au unachukua data zako unatoka nazo. Reinstall yenyewe inafuta kila kitu na kuweka mfumo mpya. Siku ya kwanza seva ikiwa tupu haina shida, chezea utakavyo, ila baada ya hapo ichukulie kama kitufe cha kufuta biashara ya mteja wako.

Snapshoti ni nzuri kabla ya kugusa kitu kikubwa, apdeti ya mfumo kwa mfano, unarudi nyuma kwa dakika chache. Ila naona watu wanaiita bekapu na hapo sikubaliani nao kabisa. Snapshoti iko kwa kampuni ileile, kwenye akaunti ileile, akaunti ikifungwa kwa sababu kadi ya malipo imeisha muda, au mtu akiiba paswedi ya paneli ya nje, seva na snapshoti vinaondoka pamoja. Bekapu ni ile iliyoko sehemu nyingine, kwa akaunti nyingine. Na kwa sababu hiyohiyo paneli ya nje iwekee uthibitisho wa hatua mbili leo hii, maana aliyeingia hapo hahitaji paswedi yako ya root, anaweza kuibadilisha kwa kitufe.

Magrafu nayo yasome kwa akili. Grafu ya RAM ya paneli ya nje mara nyingi inaonyesha imejaa hata kama hakuna tatizo, kwa sababu Linux inatumia RAM iliyokaa bure kuhifadhi mafaili yanayosomwa mara kwa mara na inaiachia ikihitajika. Ukweli uko ndani, andika `free -h` na uangalie safu ya available. Na ukiandika `top` ukaona namba ya `st` iko juu muda wote, maana yake majirani zako kwenye mashine kubwa wanakugombania prosesa, hapo hakuna paneli ya ndani itakayokusaidia, andikia kampuni.

Haya, paneli ya ndani. Hii ni programu ya kawaida unayoinstoli kwenye Linux yako, na kazi yake ni kuandika mafaili ya setingi kwa niaba yako. Ukibonyeza kuongeza domeni, nyuma ya pazia inatengeneza mtumiaji wa Linux kama hayupo, inatengeneza folda ya websaiti, inaandika faili la setingi la Nginx au Apache (programu zinazowapa wageni kurasa za websaiti), inaweka PHP inayokimbia kwa jina la mtumiaji huyo ili websaiti moja ikidukuliwa isiweze kusoma mafaili ya jirani, inaandika DNS (rekodi zinazoelekeza domeni kwenye IP) kama umeiruhusu, inaomba cheti cha HTTPS cha Let's Encrypt ambacho kinadumu siku 90 na inapanga kazi ya kukihuisha kabla hakijaisha. Vyote hivi unaweza kufanya kwa mkono, paneli inakuokolea muda na makosa ya kuandika. Hilo ni jambo zuri na sina tatizo nalo, ila lina gharama tatu ambazo matangazo hayazitaji.

Gharama ya kwanza ni RAM, na kwa 2GB zako hii ndo itaamua karibu kila kitu. Paneli yenyewe mara nyingi sio nzito kivile, mzigo uko kwenye vitu inavyokuja navyo. ClamAV, ile ya kukagua virusi kwenye imeili, peke yake inaweza kula zaidi ya 1GB kwa sababu inapakia orodha nzima ya virusi kwenye RAM. Ongeza SpamAssassin ya kuchuja spamu, ongeza seva ya imeili, ongeza DNS, ongeza MariaDB ambayo ndo databesi, websaiti hata moja hujaweka. Matokeo yake utayaona baada ya siku kadhaa, websaiti inaandika imeshindwa kuunganisha databesi, unaenda kuangalia unakuta MariaDB imezimika yenyewe, unaiwasha, kesho tena. Andika `dmesg -T | grep -i "out of memory"` na ukikuta mstari unaosema Killed process na jina mariadbd au mysqld umeshapata jibu: Linux iliishiwa RAM ikachagua mmoja wa kumuua, na huwa inamlenga aliyekula RAM nyingi. Watu wanahangaika na plagini za WordPress wiki nzima wakati tatizo ni kikagua virusi cha imeili ambazo hata hawazitumii.

Gharama ya pili, ukishaweka paneli ya ndani mafaili ya setingi yanakuwa mali yake. Chukulia HestiaCP, faili la Nginx la kila domeni liko `/home/jina/conf/web/domeni/nginx.conf` (la HTTPS ni `nginx.ssl.conf` kwenye folda hiyohiyo), na juu kabisa limeandikwa onyo kwamba usiliguse, mabadiliko yatapotea. Mtu anasoma maelekezo mtandaoni, anaongeza mistari humo, inafanya kazi vizuri, miezi inapita, siku anabadilisha toleo la PHP kwa kubonyeza tu kwenye paneli, paneli inaliandika faili upya na mistari yake haipo, websaiti inaleta makosa na yeye hakumbuki hata kama aliwahi kuigusa. Njia sahihi ni kuweka mistari yako kwenye faili la pembeni, kwa Hestia unatengeneza faili linaloanza na `nginx.ssl.conf_` kwa HTTPS, au `nginx.conf_` kwa HTTP, ukimalizia na jina lako kwenye folda hiyohiyo, lile kubwa linalisoma lenyewe na halifutwi. Karibu kila paneli ina utaratibu wake wa namna hii, utafute kabla hujagusa faili lolote kwa mkono. Na kwa msingi huohuo usichanganye maelekezo ya kuinstoli Nginx kwa mkono na seva yenye paneli, wawili hao watapigania poti 80 na 443, milango ambayo websaiti zinapitia, na mmoja hatawaka.

Gharama ya tatu inaniuma zaidi kwa sababu nimeona watu wazuri wakipoteza kazi za wateja. Paneli ya ndani inafanya kazi kwa nguvu za root na inasikiliza mtandaoni kwenye poti inayojulikana dunia nzima: WHM ya cPanel 2087, Plesk 8443, DirectAdmin 2222, Webmin 10000, Hestia 8083, CyberPanel 8090. Kwa hiyo tundu moja kwenye paneli ni seva nzima. Hii imeshatokea kweli. Agosti 2019 iligundulika kwamba Webmin kuanzia toleo 1.890 hadi 1.920 zilikuwa na mlango wa siri, mtu aliingilia mashine wanayotengenezea programu akapachika kodi yake, na waliopakua wakapakua na mlango humohumo. Oktoba 2024 likaja la CyberPanel, tundu lililomruhusu mtu kuendesha amri kama root bila hata kulogini, zaidi ya seva 20,000 zilikuwa wazi mtandaoni na nyingi zikafungiwa mafaili na virusi vya kudai malipo vilivyoitwa PSAUX. Kwenye tukio hilo la CyberPanel paswedi ngumu isingekusaidia chochote kwa sababu paswedi haikuulizwa. Waliokuwa salama ni wale ambao poti ya paneli ilikuwa haifikiki kutoka nje.

Ndo maana nasema poti ya paneli isiachwe wazi kwa dunia. Websaiti zinahitaji 80 na 443 tu, paneli unaihitaji wewe peke yako. Kama una IP isiyobadilika, ruhusu IP hiyo peke yake kwenye fayawoli. Kama IP yako inabadilika kila siku, funga poti kabisa na upite kwenye SSH, unaandika kwenye kompyuta yako `ssh -L 8083:localhost:8083 jina@IP-ya-seva`, unaacha dirisha hilo wazi, unafungua brauza kwenye `https://localhost:8083` na paneli inafunguka. Brauza italalamika kuhusu cheti kwa sababu cheti hakikuandikwa kwa jina la localhost, hapo ni sawa kuendelea kwa kuwa unapita ndani ya SSH. Inaongeza sekunde kumi kwenye kazi yako, na inakutoa kwenye orodha ya seva zinazopigwa usiku mmoja tundu jipya likitangazwa.

Sasa ipi. Kama ungekuwa na wateja thelathini wanaotaka kila mtu na sehemu yake ya kulogini na wamezoea cPanel, ningekwambia lipia cPanel au DirectAdmin bila kufikiria mara mbili. Ila cPanel tangu 2019 inalipisha kulingana na idadi ya akaunti, leseni yake kwa VPS ndogo inaweza kuzidi bei ya VPS yenyewe, na 2GB kwake ni kujibana. DirectAdmin ni nyepesi zaidi, nayo ya kulipia. Plesk ni nzuri hasa kama unahitaji Windows, na hiyo sio hali yako. Webmin ipo tangu 1997 na inaonyesha karibu kila kitu cha Linux, ila kwa mtu anayetoka hostingi ya kawaida ni vitufe vingi mno, na kwa websaiti utahitaji kuiongezea Virtualmin.

Kwa websaiti tatu na 2GB mimi ningechagua kati ya mbili za bure. CloudPanel inatumia Nginx pekee, haina imeili kabisa, ni nyepesi na WordPress inakimbia vizuri, ila haisomi `.htaccess` (faili la sheria za Apache ndani ya folda ya websaiti), kwa hiyo kama websaiti yako ya tatu ina sheria zake humo itabidi uziandike upya kwa lugha ya Nginx. HestiaCP ina kila kitu pamoja na Apache nyuma ya Nginx, kwa hiyo `.htaccess` zako zinaendelea kufanya kazi, na wakati wa kuinstoli unaweza kukataa ClamAV, SpamAssassin na seva ya imeili. Wewe umetoka cPanel na websaiti ya tatu hujaniambia imetengenezwa na nini, kwa hiyo chukua Hestia bila imeili. Katika aina za Linux inakubali Debian na Ubuntu tu, usiweke AlmaLinux halafu ukashangaa.

Kuhusu imeili, najua umezoea kuzitengeneza hapohapo kwenye paneli, lakini kuendesha seva ya imeili ni kazi nyingine. Makampuni mengi ya VPS yanafunga poti 25 ya kutoka mpaka uombe, na hata ikifunguliwa unahitaji SPF, DKIM, DMARC (rekodi za DNS zinazothibitisha kwamba barua imetoka kwako kweli), na jina la kinyume la IP ambalo linawekwa kwenye paneli ya nje na sio ya ndani kwa sababu IP ni mali ya kampuni. Ukikosa kimoja barua za mteja wako zinaishia kwenye spamu na lawama zinakuja kwako. Acha imeili kwa huduma inayofanya imeili, elekeza MX (rekodi ya DNS inayosema barua ziende wapi) huko, na fomu za WordPress zitume kupitia SMTP yao.

Utaratibu wa kuanza ni huu. Kwenye paneli ya nje bonyeza Reinstall, chagua Debian tupu isiyo na kitu chochote na angalia kwanza kwenye ukurasa wa Hestia matoleo yanayokubalika, maana paneli nyingi zinakataa seva ambayo tayari ina Apache au MySQL, na ukishaiweka kuitoa safi haiwezekani, njia ya kuitoa ni Reinstall nyingine. Weka jina la seva lililo kamili, mfano seva1 ikifuatiwa na domeni yako, na uelekeze jina hilo kwenye IP kabla ya kuinstoli ili cheti cha paneli kipatikane. Ongeza swapu ya 2GB (sehemu ya diski inayotumika kama RAM ya akiba), haitaifanya seva iwe na kasi ila itaizuia kuua MariaDB kwa mzigo wa dakika moja. Piga snapshoti. Halafu ndo uinstoli Hestia, ufunge poti 8083 kama nilivyoeleza, uwashe hatua mbili humo pia, na upange bekapu ziende nje ya seva.

Websaiti ya mteja iwe ya mwisho kuhama. Anza na WordPress yako ndogo, chukua bekapu yake iliyotengenezwa na paneli, futa websaiti yenyewe kwenye seva, irudishe kutoka kwenye bekapu hiyo, uone kama picha na kurasa zote zimerudi, maana bekapu ambayo haijawahi kurudishwa hujui kama ni nzima. Ikikubali, siku moja kabla ya kuhamisha ya mteja punguza TTL ya DNS yake (sekunde ambazo rekodi ya zamani inakumbukwa) iwe 300, hamisha mafaili na databesi, ijaribu kwa kuandika IP mpya kwenye faili la hosts la kompyuta yako kabla hujagusa DNS, kisha badilisha. Hostingi ya zamani iache ikiwa hai wiki mbili zaidi, na kabla ya kuifunga angalia kama kuna sanduku la imeili la mteja limebaki kule, maana hilo ndo kitu ambacho watu huwa wanakisahau na halirudi.